Uzoefu wangu: shokapu za Land Cruiser mkonga lililonyanyuliwa inchi 2

Nimefunga shokapu za Old Man Emu, zile zinazoitwa Nitrocharger Sport, mbele na nyuma kwenye mkonga wangu, Land Cruiser ya modeli HZJ78 yenye injini ya dizeli ya 1HZ. Gari limenyanyuliwa inchi 2. Nimezitembelea msimu mzima wa wageni na zaidi, na nimeridhika nazo. Ila mtu akiniuliza anunue shokapu gani, jina la kampuni huwa nalitaja mwishoni. Kwanza namuuliza kama amepima. Shokapu ya bei kubwa yenye urefu usiofaa itakufa kabla ya ile ya kawaida iliyokaa sawasawa na gari.

Gari hili nililinunua likiwa limeshanyanyuliwa. Aliyekuwa nalo alifunga springi ngumu na ndefu zaidi, koili mbele na springi bapa nyuma, halafu shokapu akaziacha za urefu wa kiwandani. Ukilitazama kwa nje lilikuwa limesimama vizuri sana. Ila mara tu ukiacha lami, kila gurudumu likitumbukia shimoni unasikia "ta!" moja kavu chini ya miguu, na usukani unashtuka. Nilipoingia chini nikakuta bushi za juu, yaani vile vikalio vya mpira vinavyoishika shokapu, pale mbele, zimebanwa mpaka zimekuwa nyembamba kama chapati, na mwili wa shokapu umelowa oili iliyoshika vumbi ikawa ganda la matope.

Fundi wangu hapa Arusha, ambaye kutwa yuko na magari ya utalii, hakuhitaji hata kutoa tairi. "Kaka, ukinunua nyingine za urefu huu utanirudia mapema tu," akaniambia. "Springi zimepanda, shokapu imebaki palepale."

Maelezo yake ni haya, na ndiyo yaliyonifungua macho. Shokapu ina urefu wake wa mwisho ikinyooka na urefu wake wa mwisho ikijikunja. Ukinyanyua gari milimita 50 kwa springi, shokapu ya kiwandani inasimama ikiwa imeshanyooka zaidi kwa karibu kiasi hichohicho. Ile nafasi ya gurudumu kushuka kwenye shimo inapungua. Gurudumu linadondoka, shokapu inafika mwisho, na kwa kuwa springi bado inasukuma chini, uzito wote wa difu (ekseli nzima inayoshika magurudumu) na tairi unaning'inia ghafla kwenye fimbo nyembamba ya shokapu. Ule mlio wa "ta!" ndio huo. Hakuna sili (mpira unaozuia oili isivuje) wala bushi itakayovumilia kazi hiyo kila siku.

Wengi wakishajua hilo wanakimbilia shokapu ndefu kuliko zote dukani, na hapo ndipo pa kuwa makini. Kunyanyua gari hakubadilishi kikomo cha juu. Stopa ya mpira kwenye chesisi iko palepale ilipowekwa, na difu likipanda hadi mwisho linaigonga mahali palepale. Kwa hiyo urefu wa shokapu ikiwa imejikunja kabisa bado unatakiwa kuwa mfupi wa kutosha. Shokapu ndefu kupita kiasi itafika mwisho wake ndani kabla difu halijagusa stopa, na kuanzia hapo shokapu ndiyo inageuka kuwa stopa. Itapasuka ndani, au itang'oa kishikio chake kwenye chesisi. Kishikio kikipasuka ukiwa Engaruka, njia ya Ziwa Natron, hakuna duka litakalokusaidia, labda umpate mtu mwenye mashine ya kuchomelea.

Sisi tulipima hivi. Gari kwenye sakafu iliyo sawa, likiwa na mzigo wake wa kawaida: friji, tangi la pili, spea mbili, bampa la chuma. Tukapima toka katikati ya bushi ya juu hadi katikati ya bushi ya chini. Tukapima pia pengo kati ya stopa ya mpira na pale inapogonga. Halafu tukatoa shokapu, tukapiga jeki chini ya chesisi na kuacha difu lishuke pole pole, jicho likiwa kwenye mipira ya breki isivutike, na kwenye koili isilegee ikatoka kwenye kikalio chake.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme gari likiwa limesimama umepata milimita 500, na pengo la stopa ni 90. Toa 90 unabaki na 410. Stopa yenyewe ni mpira, itabonyea, kwa hiyo toa tena kama 30. Shokapu yako ikijikunja kabisa isizidi 380. Upande wa kushuka, kama koili inaanza kulegea ukifika 610, tafuta shokapu inayonyooka hadi 590 au 600, isizidi hapo, maana mbele kwenye magari haya shokapu ndiyo inayolizuia difu lisishuke kupita kiasi. Hizo si namba za gari langu wala za lako, ni mfano tu. Pima mwenyewe, na upime pande zote mbili, kwa sababu gari la zamani mara nyingi halijasimama sawa kulia na kushoto. Kama shokapu zimelala kwa pembe, kama za nyuma, usichukue pengo la stopa ukalitoa moja kwa moja: shokapu iliyolala inatembea kidogo kuliko difu linavyotembea. Huko ni afadhali upandishe difu kwa jeki hadi liguse stopa, kisha upime shokapu ilipo.

Nilipoingia madukani na vipimo vyangu kwenye karatasi, mazungumzo yalibadilika. Duka moja muuzaji alinisisitizia seti ya rangi inayong'aa kwa sababu kwenye boksi imeandikwa "inchi 2". Nikamwomba anipe urefu wa kunyooka na wa kujikunja. Hakuwa nao, wala hakutaka nipime pale kaunta. Nikaaga. Kampuni zenye kujiheshimu huandika vipimo hivyo kwenye orodha zao, na kama muuzaji hana, tepu ya kupimia ipo.

Baada ya urefu nikaja kwenye aina. Mezani nilikuwa na tatu. Ya kwanza ni ya bomba moja yenye gesi ya shinikizo kubwa, mfano Bilstein 5100, ambayo pistoni yake ni milimita 46. Oili na gesi zimetenganishwa na kizibo kinachotembea, oili haichanganyiki na gesi ikatoa povu, na kwa kuwa bomba ni moja tu joto linatoka upesi kwenda hewani. Kwa mtu anayekimbia kwenye rasta, yale matuta madogo ya mfululizo ya barabara ya vumbi, kwa saa nyingi, hiyo ni faida ya kweli. Ubaya wake ni kwamba pistoni inatembea ndani ya bomba hilohilo unaloliona kwa nje. Jiwe likibonyeza bomba, pistoni inakwama na shokapu imekwisha.

Ya pili ni ya mabomba mawili yenye gesi ya naitrojeni ya shinikizo dogo, na humo ndimo zilimo Nitrocharger za Old Man Emu, chapa ya ARB ya Australia, pamoja na shokapu nyingi za kawaida kama KYB Excel-G ambazo tumezizoea mno huku kwetu. Bomba la nje likipata kibonyeo, la ndani ambamo pistoni inafanya kazi mara nyingi linabaki salama. Joto linakaa zaidi, huo ndio ukweli wake. Ya tatu ni zile zenye sponji ngumu ndani badala ya gesi, kama za Tough Dog na Ironman. Ile sponji inachukua nafasi ya gesi ili oili isichanganyike na hewa, nazo huwa zina oili nyingi na mwili mnene unaovumilia joto. Kwa gari linalobeba mzigo mzito muda wote ningezifikiria kwa uzito kabisa.

Mimi barabara yangu ndiyo iliyoamua. Toka Mto wa Mbu kupita Engaruka kwenda Ziwa Natron ni mawe na kokoto zinazorushwa na tairi za mbele moja kwa moja kwenye shokapu za nyuma, na mwendo wake si wa kukimbia. Huko nahofia mawe kuliko joto. Nikachagua mabomba mawili. Ndugu yangu anayeshinda njia ya Naabi kwenda Seronera, kule Serengeti, kila wiki ana hoja nzuri akichagua bomba moja, na simbishii.

Kitu kilichonivuta kwa Old Man Emu hasa ni kwamba shokapu zao zimepangwa kwa springi na uzito. Hukuti shokapu moja ya "Land Cruiser" basi. Unaulizwa gari lako ni lipi, springi zako ni za mzigo gani, mbele una bampa la chuma na winchi au huna. Jambo hili watu wengi wanaliruka. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi, na kazi kubwa zaidi ni wakati springi inarudi baada ya kubanwa. Springi ngumu inarudi kwa nguvu zaidi. Ukiipa shokapu laini, gari linadunda mara mbili tatu baada ya kila tuta na wageni wanashika vyuma vya juu. Ukikosea kinyume chake, shokapu ngumu mno kwa springi laini, gurudumu halipati muda wa kushuka kabla shimo linalofuata halijafika. Kwenye rasta gari linazama kidogo kidogo hadi linakalia stopa, na dereva anadhani springi zimekufa kumbe ni shokapu.

Kuhusu feki sitasema mengi. Zipo, na boksi halithibitishi kitu. Shokapu ya gesi ukiibonyeza hadi chini kisha ukaiachia inatakiwa kurudi yenyewe, taratibu, bila kukwama wala kuwa na sehemu tupu. Isiporudi, gesi hakuna. Kipimo hiki usikitumie kwa zile za sponji, hizo kutorudi zenyewe si kasoro. Pitisha kidole kwenye fimbo, kromu iwe laini kama kioo, na bushi zije na mpira unaonekana mzito.

Ufungaji ulichukua asubuhi moja. Pale juu mbele kwenye nati ya pini simama wewe mwenyewe. Mafundi wengi hukaza mpaka mpira unavimba na kutoka nje ya vikombe vyake, na bushi iliyobanwa hivyo haiwezi tena kucheza na pembe ya shokapu. Kaza mpaka mpira ushike na kuvimba kidogo, kisha funga nati ya pili juu yake. Tulibadilisha pia bushi za mikono ya difu la mbele kwa zile za kurekebisha kasta (pembe ya mlalo inayoufanya usukani urudi wenyewe), kwa sababu kunyanyua gari kunalizungusha difu kidogo na usukani unakuwa haurudi vizuri wenyewe baada ya kona. Hilo shokapu haiwezi kulitibu, hata iwe ya bei gani.

Sasa barabarani. Lami ya Makuyuni hadi Karatu, gari likiwa na wageni sita na mizigo, lile yumbayumba la kwenye kona za kupanda kutoka Mto wa Mbu limepungua sana, na ukishika breki pua haichimbi tena. Ukipita geti la Loduare la kuingia Ngorongoro lami ikaisha, ndipo unapoiona tofauti yenyewe. Kwenye mashimo ya ukingo wa kreta ule mlio wa "ta!" haupo. Gurudumu linashuka, linapanda, basi. Kwenye rasta za kuelekea Naabi usukani umetulia mkononi, mradi nimepunguza upepo wa tairi kidogo. Bila kupunguza upepo usiilaumu shokapu yoyote duniani.

Likiwa tupu gari ni gumu nyuma, na abiria wa benchi la mwisho atalalamika. Hilo ni la springi za mzigo, nami nililijua nikiwa nanunua. Kama gari lako ni la familia na hubebi kitu zaidi ya watoto na begi za safari ya Moshi mjini, usifuate seti yangu. Chukua springi laini zaidi na shokapu zinazoendana nazo. Bei nililipa karibu mara tatu ya shokapu za kawaida, na kwa kazi ninayofanya sijutii.

Kitu kimoja nimejizoesha na nakipendekeza kwa yeyote. Nikisimama Naabi kuandikisha wageni, napitisha kiganja karibu na kila shokapu, bila kushika kwa nguvu maana zinaunguza. Shokapu inayofanya kazi huwa ya moto, kwa sababu inageuza mtikisiko kuwa joto. Nikikuta tatu za moto na moja imepoa, hiyo iliyopoa ndiyo imekufa, hata kama haijavuja tone. Zangu mpaka sasa zinawaka zote nne sawasawa, na fimbo ni kavu. Nati za juu nilizikaza tena kidogo baada ya safari ya kwanza ya Natron, mpira ulikuwa umeshajikalia.