Mpiga picha na mchukua video wa harusi: tazama harusi nzima, usiridhike na kionjo

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo ninachambua huduma ambayo kamati nyingi za harusi hapa Dar es Salaam huifikia katika vikao vya mwisho, ukumbi, chakula, vinywaji na mapambo vikiwa vimekwisha kumeza sehemu kubwa ya michango. Nazungumzia upigaji picha na uchukuaji wa video. Sitataja kampuni yoyote, kwa sababu kampuni ile ile inaweza kupeleka mafundi wake hodari Jumamosi moja na vibarua Jumamosi inayofuata, hivyo jina lililoandikwa kwenye fulana halikuambii ni nani hasa atakayeshika kamera siku yako.

Karibu kila mteja huonyeshwa kwanza kionjo, yaani ile video ya dakika tatu au nne yenye muziki mzuri na shela linalopepea taratibu. Kionjo ni kazi halali, lakini ni kipimo dhaifu, kwa kuwa muziki umefunika sauti mbovu, mwendo wa taratibu umeficha mkono uliotetemeka, na katika saa nyingi za kurekodi hakukosekani dakika tatu za kupendeza. Mwombe fundi akuonyeshe harusi moja nzima, kuanzia saluni hadi keki, iliyofanyika usiku katika ukumbi wa kawaida na kurekodiwa na mtu yule yule atakayekuja kwako. Akisema kwamba wateja wake hawapendi video zao zisambae, hoja hiyo ni ya haki na hata inampa heshima. Basi amwombe ruhusa mmoja wao, nawe uitazame ofisini kwake bila kuchukua nakala.

Ukishaipata, ruka hadi kwenye viapo, kisha ufumbe macho usikilize. Sikilizeni kipande hiki cha kwanza: sauti imechukuliwa na kamera iliyosimama mbali na madhabahu, na kinachosikika zaidi ni feni ya kanisa na mtoto anayelia benchi la nyuma, huku bwana harusi akiwa kama anayenong'ona ndani ya pipa. Sasa sikilizeni cha pili, ambacho kimerekodiwa kwa maikrofoni ndogo iliyobanwa kwenye kola ya koti lake. Hata pumzi aliyovuta kabla ya kutamka jina la mkewe inasikika. Kwangu mimi tofauti hii ina uzito kuliko ubora wa kamera. Picha yenye kasoro ndogo huvumilika, lakini nasaha za baba ambazo hazisikiki hazirudishwi na mhariri yeyote. Mwulize fundi anavyochukua sauti ukumbini. Jibu la kuridhisha ni kwamba anaunganisha kinasa sauti chake kwenye mitambo ya muziki, ili kila kinachosemwa kwenye maikrofoni ya mshereheshaji kimfikie kikiwa safi, na bado anaacha kinasa kingine pembeni kwa tahadhari.

Jambo la pili ni taa. Kumbi zetu siku hizi zimejaa taa za LED, na nyingi ya taa hizo hupepesa kwa kasi ambayo jicho halioni ila kamera inaiona. Hii mistari myeusi mnayoiona ikipanda na kushuka nyuma ya meza kuu imetokana na hilo. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani hupiga mara 50 kwa sekunde, hivyo fundi anayejua kazi huanza kwa kuweka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde, kisha hujaribu na taa za ukumbi wenyewe kabla wageni hawajaingia, maana taa nyingine zina mapigo yao. Anayefika ukumbini pamoja na maharusi hana nafasi ya jaribio hilo.

Katika picha za mnato, angalieni uso na shela kwa pamoja. Fundi asiye makini akilinda weupe wa shela, uso wa bibi harusi mwenye ngozi nyeusi huzama gizani. Akiufuata uso, shela linageuka doa jeupe lisilo na nakshi. Wengine hutatua tatizo hilo kwa kung'arisha ngozi kwenye kompyuta hadi bibi harusi afanane na binamu yake wa mbali, na mimi hapo huondoa alama nyingi. Kuhusu picha za ufukweni, kumbukeni kwamba mwezi Juni jua la Dar es Salaam huzama yapata saa 12:15 jioni, na kiza kikianza hakisubiri msafara uliokwama kwenye foleni.

Usalama wa kazi nao una maswali yake. Video ya 4K, yaani ya ubora wa juu, inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 45 kwa saa, kwa hiyo fundi mwenye kadi moja ya gigabaiti 64 atalazimika kuibadilisha kabla ya saa moja na nusu, na huenda ikawa katikati ya nasaha. Pendelea kamera inayoandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, ili moja ikiharibika kazi ibaki kwenye nyingine.

Kwa watazamaji wa Zanzibar, Tanga na Mombasa, kwenye shughuli za wanawake ambako mabuibui huvuliwa, kuhakikisha kwamba mpiga picha ni mwanamke ni nusu tu ya kazi. Muulizeni nani atakayehariri. Hakuna faida ya kumzuia mwanamume mlangoni kisha picha zote zikaishia kwenye kompyuta yake. Mkataba utamke kwamba hakuna picha itakayowekwa mtandaoni bila idhini ya maandishi; kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawapa msingi wa kudai hivyo.

Droni nitaigusa kidogo tu. Kuirusha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hivyo dai kukiona kabla ya kuilipia. Kwa bei ile ile, ningechukua mafundi wawili wenye maikrofoni nzuri na kuwaacha watano wenye droni.

Limebaki suala la malipo. Usimalize malipo yote kabla ya harusi. Bakiza fungu la kutolewa siku utakapokabidhiwa albamu na video, na tarehe hiyo iandikwe kwenye mkataba. Tatizo ni kwamba kamati zetu huwa na sherehe ya kuvunja kamati wiki chache baada ya harusi, salio la michango huishia kwenye nyama choma, na mhariri anapopiga simu kwamba kazi iko tayari, deni linawaangukia maharusi wenyewe. Mweka hazina alitenge fungu hilo mapema na kulikabidhi kwa maharusi kabla ya tarehe ya kuvunja kamati kupangwa.