Bustani ya shule au matembezi kwenye lava?

Shule za kimataifa huwa na wiki ya shughuli za majira ya kuchipua. Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, majira hayo hatuyajui: Ulaya miti ikichipua mwezi Machi, kwetu ni mvua tu hadi Mei. Sasa wiki hiyo watoto wafanye nini?

Kwenda Buhene, pembezoni mwa mji, kuona lava iliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo mwaka 2021 kunavutia. Mtoto anashika jiwe jeusi lenye vitundu, anaelewa kwamba gesi ilitokea humo lava ingali ya moto. Kwa muda wa saa mbili tu, jiografia imeingia. Ila mvua ikiwakuta mnarudi mmelowa, na viatu vimechanika.

Bustani inakwenda polepole, nami ndiyo ninayoichagua. Mji wetu uko juu ya lava ya zamani na udongo ni haba, kwa hiyo unaletwa kwa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, na watoto wanagombania kuisukuma. Maharage yanachomoza baada ya wiki moja hivi. Kila asubuhi wanayapima kwa rula, wanaandika, na hakuna anayelalamika kuwa hii ni hesabu. Safari moja kuku wa jirani walimaliza tuta zima; watoto wakachora grafu inayoporomoka hadi sifuri.