Mkandaji wa Mikunguni aliyekataa kunikanda

Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu ni ya miguu. Siku 25 kabla ya Idi niliteguka kifundo cha mguu wa kulia nikishuka daladala Darajani, mjini Unguja. Jirani, kwa nia njema, akanichua siku ileile kwa maji ya moto. Kulipokucha mguu umefura, kiatu hakiingii.

Nikapelekwa Mikunguni kwa bibi mmoja mkandaji. Nilidhani atanishika papo hapo. Akautazama, akabonyeza mfupa wa kifundo kwa kidole kimoja, nikaruka. "Huu sikandi, mwanangu. Kapige picha kwanza, nijue mfupa mzima." Pesa hakupokea. Akanambia nifunge barafu kwenye kitambaa niweke, na nikilala mguu ukae juu ya mito. Hapo ndipo nilipomwamini.

Picha ikaonesha mfupa mzima. Nikarudi siku ya sita. Anatumia mafuta ya makonyo (vijiti vinavyoshika karafuu) kutoka Pemba, matone machache tu ndani ya mafuta ya nazi, maana yakiwa matupu huunguza ngozi. Mwanzo yanachoma kidogo, kisha panaingia ganzi. Kifundo chenyewe hakukigusa kwanza. Alianza na kigimbi, kilichokuwa kimekaza kama jiwe kwa kuchechemea kwangu, akipandisha mikono taratibu kuelekea gotini ili uvimbe upungue. Kwenye kano iliyovutika alipita kwa ncha ya kidole gumba, kila mara akiuliza: "Inauma au inavuta?" Ikiuma, analegeza. Wapo wakandaji wanaoamini mgonjwa asipolia hajakandwa. Huyu hayumo humo.

Mwisho anakupa mazoezi, na kwa maoni yangu hayo yamenifaa kuliko mafuta: kuinua visigino, kusimama kwa mguu mmoja umeshika ukuta, kuandika herufi za Kiarabu, alifu mpaka ye, hewani kwa kidole cha mguu.

Anapokea wanawake na watoto tu. Shilingi 10,000 kwa dakika 40 hivi. Chumba kidogo, kina joto, na miadi ya simu hataki. Mara ya pili nilikaa barazani saa nzima.

Mara ya nne nilikwenda kwa miguu yangu, na magauni 11 ya Idi nimeyashona mwenyewe. Nikishuka ngazi bado panavuta, kwa hiyo kila asubuhi nasimama kwa mguu mmoja jikoni mpaka chai ichemke.