SM57 chumbani: uzoefu wangu wa kurekodi nyumbani kwa maiki ya mwaka 1965

Nyimbo zangu zote sasa nazirekodia nyumbani, katika chumba kile kile ninacholala, na kila anayezipenda vokali (sauti zilizoimbwa) huniuliza swali moja: umetumia maiki gani? Wengi hutegemea kusikia jina la maiki kubwa ya kondensa, aina inayohitaji umeme na kushika hata sauti ndogo. Ninatumia Shure SM57, maiki ya dainamiki (aina isiyohitaji umeme) iliyoingia sokoni mwaka 1965, ile ambayo watu wameizoea ikiwa imeelekezwa kwenye amplifaya ya gitaa au ngoma ya snea. Nimeimbia hiyo, nimerekodia gitaa hiyo, na nimeilinganisha na kondensa ndani ya kuta hizo hizo. Sioni sababu ya kuiacha.

Nianze na chumba, kwa sababu tathmini ya maiki bila chumba haina maana. Changu kina kuta ngumu, sakafu ngumu na dari isiyo juu sana. Kikiwa kitupu, ukipiga makofi mara moja unasikia pigo lenyewe, halafu mlio mwembamba unaorukaruka kati ya kuta mbili zinazotazamana. Mlio huo huingia katika kila neno unaloimba. Wewe mwenyewe huutambui kwa urahisi, maana masikio yetu yamezoea kuupuuza, lakini maiki haichagui: inapeleka vyote. Na ukishaingia kwenye vokali, sijapata plagini (programu ndogo ya kurekebisha sauti) ya kuutoa wote bila kuijeruhi sauti yenyewe.

Kondensa niliyoilinganisha nayo ni Audio-Technica AT2020. Ni maiki ninayoiheshimu. Inashika pumzi, inashika vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi, na katika masafa ya juu ina uwazi ambao SM57, inayoishia kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 15,000, haiwezi kuutoa. Katika chumba kilichotulizwa vizuri ningeichagua bila kusita kwa mwimbaji mwenye sauti laini au kwa gitaa linalopigwa kwa vidole. Ila chumba changu si hicho, na nadhani cha wasomaji wengi pia si hicho.

Kuna kauli inayorudiwa sana kwamba maiki ya dainamiki haisikii chumba. Niliamua kuichunguza. Maiki zote mbili ni za kadioidi, yaani zinasikiliza mbele na kupuuza nyuma. Nilizisimamisha kando kwa kando, umbali ule ule kutoka mdomoni, nikaimba ubeti mmoja, kisha nikazisawazisha volumu. Mwangwi wa chumba ulikuwa karibu sawa kwenye traki zote mbili. Kumbe siri haiko kwenye aina ya maiki. Iko kwenye umbali. SM57 inakuvumilia ukiiimbia kutoka sentimita 5 hadi 8, hata ukipaza sauti kwa nguvu zako zote. Kondensa ni nyepesi kushika mate, midomo na upepo, ndiyo maana waimbaji wengi hurudi nyuma hadi sentimita 20 au 30.

Hapo fizikia ndiyo inayoamua. Kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja hupanda kwa takriban desibeli 6, ilhali mwangwi wa chumba unabaki pale pale. Toka sentimita 30 hadi 15, kisha kutoka 15 hadi 7.5, na tayari sauti yako imekizidi chumba kwa desibeli 12 za ziada. Hujanunua kitu. Umesogea tu.

Kusogea huko kuna gharama yake. Maiki ya kadioidi huongeza besi kadiri unavyoikaribia, na vokali iliyorekodiwa kwa karibu hutoka nzito kifuani, wakati mwingine nzito mno. Mimi hukata kila kitu kilicho chini ya hezi 90 hivi, kisha nikapunguza kidogo eneo la hezi 200 hadi 300 mpaka maneno yaanze kusimama. Gharama ya pili ni upepo. Kiswahili kina p na b nyingi mwanzoni mwa maneno, na ubeti wenye "penzi" na "pumzi" kwa mfululizo unaweza kuipiga maiki kama ngumi. Chujio la kitambaa linasaidia, lakini kinachosaidia zaidi ni kuiweka maiki pembeni kidogo ya mdomo, usawa wa kona ya midomo, ikitazama mdomo kwa mshazari. Upepo hupita mbele yake, sauti inaingia. Msimamo huo huo hulainisha s na sh, ambazo SM57 huweza kuzinoa kidogo kwa sababu imeinuliwa makusudi kwenye masafa ya hezi 5,000 na kidogo zaidi.

Sasa kutuliza chumba. Watu wengi hununua ile ngao iliyopinda inayofungwa nyuma ya maiki. Ukifikiria kadioidi inavyosikiliza, ngao hiyo inalinda upande ambao maiki tayari imeufumbia. Mbele ya maiki kuna nani? Kuna wewe, na nyuma yako kuna ukuta. Ukuta huo ndio unaoongea na maiki. Kwa hiyo ukiwa na blanketi mbili nzito tu, zitundike nyuma ya mwimbaji. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza, tofauti ilikuwa kubwa kuliko tofauti yoyote niliyowahi kuisikia kati ya maiki na maiki, na sisemi hivi kwa kutia chumvi. Baadaye niliongeza paneli za sufi ya mawe (nyuzi laini zinazotokana na mawe yaliyoyeyushwa), zenye unene wa sentimita 10, zikiwa zimeachiwa nafasi kidogo kutoka ukutani, maana nafasi hiyo huzipa nguvu ya kushika sauti za chini zaidi. Kabati la nguo lililo wazi linafanya kazi nzuri. Godoro lililosimamishwa pia.

Trei za mayai zisahau. Hazina uzito wala unene wa kumeza sauti za chini. Hugusa kidogo sauti za juu tu, na chumba kinabaki kikinguruma kwa sauti zilizofunikwa. Elimu hii si ngeni. Mwaka 1895 Wallace Clement Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alipewa kazi ya kuokoa ukumbi wa mihadhara ambao maneno yalikuwa hayasikiki kwa mwangwi. Alikuwa akihamishia humo mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo na kupima jinsi sauti inavyofifia kadiri mito inavyoongezeka. Vitu laini, vinene, na vingi: hesabu aliyoipata bado inatumika leo kupimia vyumba.

Kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta, saundikadi ya nje, kwangu ni Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu, kilichotoka 2019. Ina ingizo mbili, inapata umeme kutoka kwenye waya wa USB wenyewe, na duara la taa kuzunguka vitufe vya geini (kiasi cha kukuza ishara ya maiki) huwaka kijani sauti inapoingia vizuri na nyekundu inapopasuka. Kwa mtu anayeimba na kujirekodi peke yake, taa hizo ni msaada mkubwa: unaziona kwa pembe ya jicho bila kuacha kuimba. SM57 haihitaji umeme wa fantomu wa volti 48, ule ambao saundikadi huipelekea kondensa kupitia waya wa maiki, ila kama dainamiki nyingine zote hutoa ishara ndogo, kwa hiyo kitufe cha geini hupanda juu kuliko kwa kondensa. Ukiimba kwa ukaribu niliousema, hitaji hilo linapungua, na kelele ya chini chini inapungua nalo. Kwa mwenye sauti ya kunong'ona, kizazi cha nne cha 2023 kinatoa geini hadi desibeli 69.

Rekodi kwa biti 24 (kiwango cha undani wa rekodi), na usihangaike kuijaza mita ya sauti. Kilele cha vokali kikigota kwenye desibeli -12 au -10 kinatosha kabisa. Biti 24 zina nafasi kubwa chini yake kiasi kwamba hakuna unachopoteza, na ukipandwa na hisia kwenye kiitikio, sauti haitapasuka. Vokali iliyopasuka wakati wa kurekodi hairudi.

Kuhusu kuchelewa kwa sauti kwenye hedifoni, jambo linalowasumbua wengi: bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuichakata) ya sampuli, yaani vipimo vya sauti, 128 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 2.9 kwenda, na karibu kiasi hicho kurudi, ukiongeza kidogo cha vifaa vyenyewe. Ukipandisha bafa hadi 512 inakuwa milisekunde 11.6 kila upande, na hapo mwimbaji anaanza kukokota mwendo bila kujua. Mimi hubonyeza swichi ya kujisikiliza moja kwa moja iliyo kwenye saundikadi, sauti isipitie kompyuta kabisa, halafu bafa naiacha juu ili kompyuta ipumue. Unakosa mwangwi mtamu wa plagini masikioni wakati wa kuimba. Kwangu hiyo ni faida, maana mwangwi huo huficha noti zinazoyumba.

Programu ya kurekodia ni REAPER ya Cockos, kampuni ya Justin Frankel, mtu yule yule aliyetengeneza Winamp, programu ya kuchezea muziki. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, haijafungwa chochote, na ni nyepesi sana hata kwenye kompyuta ya zamani. Ninachoipendea zaidi ni namna inavyopanga majaribio ya vokali: unaimba ubeti mara kadhaa, kila jaribio linakaa kwenye mstari wake, kisha unachagua neno kwa neno lililo bora. Plagini zake za ReaEQ (ya kusawazisha masafa) na ReaComp (ya kubana tofauti za ukubwa wa sauti) zinatosha kumaliza wimbo. Inahitaji subira mwanzoni, kwa sababu kila kitu kinaweza kubadilishwa na menyu ni nyingi. Mashine ya kwanza ya kaseti ya traki nne, Portastudio 144 ya mwaka 1979, ilimlazimisha mwanamuziki aamue mapema. REAPER haikulazimishi kuamua lolote, kwa hiyo nidhamu lazima uje nayo mwenyewe. Kwangu nidhamu hiyo ni kufuta majaribio mabovu papo hapo, kabla sijaanza kuyaonea huruma.

Kwa gitaa lisilo la umeme nimeridhika na SM57 kuliko nilivyotarajia. Usiielekeze kwenye tundu la sauti, kule kuna ngurumo tupu. Ielekeze pale shingo inapokutana na mwili, karibu na freti ya 12, umbali wa sentimita 15 hadi 20, kisha vaa hedifoni na uisogeze polepole huku mwenzako akipiga. Kuna sehemu, wakati mwingine ni upana wa vidole viwili tu, ambapo kila uzi unasikika kwa usawa. Ukiipata, weka alama ya tepu sakafuni chini ya stendi. Itafute kwa masikio, si kwa macho, na usiwe na haraka: dakika utakazotumia hapo zitakuepusha na saa nzima ya kumiksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti zote za wimbo.

Hedifoni zangu ni Sony MDR-7506, zilizokuwepo tangu 1991. Zimefungwa nyuma, kwa hiyo mlio wa metronomu hauvuji ovyo kuingia kwenye maiki. Ukipenda kuimba na sikio moja wazi, zima upande ule usiovaliwa, maana ndiko metronomu hutokea. Kwa kumiksi, hedifoni pekee hazitoshi kupima besi. Ninausikiliza wimbo kwenye spika ndogo, kwenye simu, na kutokea chumba cha pili mlango ukiwa wazi, ndipo naamua.

Mfumo huu una mipaka iliyo wazi. Ngoma nzima huwezi kuzirekodi kwa ingizo mbili ukaridhika, na anayetaka bendi yote ipige kwa pamoja atafute saundikadi yenye ingizo 8 za maiki tangu mwanzo, kama Scarlett 18i20. Kwa waimbaji wawili kwa wakati mmoja, mfumo unatosha, mradi maiki zikae mbali zenyewe kwa zenyewe angalau mara tatu ya umbali wa kila mwimbaji kutoka kwenye maiki yake, ili sauti zisikwaruzane zikichanganywa. Wakiimba kwa sentimita 8, maiki zinatakiwa kuachana sentimita 24 tu, na wanaweza kusimama bega kwa bega wakitazamana macho ili waingie pamoja. Wakirudi hadi sentimita 30, maiki zitataka karibu mita nzima kati yake, na hapo mmoja wao angelazimika kuimbia kitandani.