Nyanya za Kicheki za mapema: pakiti ipi ununue kwanza

Kwa anayepanda nyanya nje nchini Chekia, msimu huanza katikati ya Mei, na miaka mingi hukatishwa na ugonjwa kabla baridi yenyewe haijarudi. Mwanzo wake wenyeji wanaujua kwa majina ya watakatifu: husubiri wapite "watu wa barafu" (ledoví muži), yaani Pankrác, Servác na Bonifác, tarehe 12, 13 na 14 Mei, halafu Žofie wa tarehe 15. Mwisho wake huletwa na bakajani chelewa, ugonjwa uleule unaoua viazi mviringo. Vimelea vyake husafiri na upepo kutoka mashamba ya viazi, na mvua za Julai na Agosti zikilowesha majani usiku kucha, bustani huweza kuwa nyeusi ndani ya wiki moja. Katikati ya hapo una wiki kumi. Ukibahatika, kumi na tano.

Kwa hiyo pakiti ya mbegu huchaguliwa kwa kalenda. Picha ya nyanya nene ya nusu kilo inamfaa mwenye banda la kioo. Mwenye ukuta wa jua na futi chache za udongo anahitaji aina inayotoa matunda kabla ugonjwa haujafika, na aina hizo karibu zote huzaa matunda madogo, kwa sababu tunda dogo hufika ukubwa wake na kuiva upesi zaidi. Anayekuahidi tunda kubwa na la mapema kwa pamoja, soma pakiti yake mara mbili.

Maneno ya kwenye pakiti

Neno la kwanza la kutafuta ni "tyčkové" au "keříčkové". Tyčkové ni nyanya ndefu: inaendelea kurefuka hadi baridi iiue, inataka mti wa kuiegemeza na kuondolewa machipukizi ya pembeni kila wiki. Keříčkové ni nyanya fupi: hujisimamisha yenyewe, huzaa kwa mkupuo na haikatwi machipukizi. Ukiikata nyanya fupi kama ndefu, umejikatia mavuno, na kosa hili ni la kila mwaka.

Neno la pili ni muda: "velmi rané" ni ya mapema sana, "rané" ni ya mapema, "polorané" ni ya kati, "pozdní" ni ya kuchelewa. Bustani ya wazi isipandwe aina inayochelewa kuliko polorané. F1 ni chotara, mbegu zake hazirithishi sura ya mama. "Klíčivost" ni uotaji. Mbegu ya nyanya iliyowekwa pakavu na penye ubaridi huota vizuri hata baada ya miaka minne, basi pakiti ya mwaka jana si hasara.

Tahadhari moja kuhusu siku. Pakiti ikisema siku 55, huhesabiwa tangu mche kuhamishiwa bustanini. Ongeza wiki saba au nane za kitaluni. Nyanya ya siku 55 iliyopandwa tarehe 18 Mei inakupa tunda la kwanza karibu na tarehe 12 Julai, na hiyo ni kwenye tambarare zenye joto kama Moravia ya kusini au bonde la mto Elbe. Kwenye nyanda za juu za Vysočina na milima ya Šumava, jumlisha wiki mbili.

1. Stupice

Tunaiweka ya kwanza bila kusita kwa mtu anayeanza. Ina jina la kijiji kilicho mashariki ya Praha ambako kulikuwa na kituo cha kuzalisha aina mpya za mbegu, na hutamkwa "Stúpitse". Mbegu zake zilivuka hadi Marekani miaka ya 1970, na leo wakulima wa nchi za baridi huko wanaijua kuliko nyanya nyingine yoyote ya Kicheki.

Ni nyanya ndefu, ya mapema sana, yenye matunda mekundu ya gramu 30 hadi 60, kwa hiyo usiipangie saladi ya vipande vipana. Sifa inayoipa nafasi ya kwanza ni kwamba hushika matunda usiku ukiwa na ubaridi. Nyanya nyingi hudondosha maua usiku ukishuka chini ya nyuzi 12 au 13, kwa kuwa chavua haifanyi kazi. Stupice huvumilia zaidi, na Juni ya Chekia ina usiku mwingi wa namna hiyo.

Jambo la pili ni jani. Stupice ina jani pana lisilo na meno, kama la kiazi mviringo, na hilo ni kipimo cha bure. Sokoni ukiuziwa mche wa "Stupice" wenye majani yaliyochanika kama ya nyanya za kawaida, hiyo siyo. Angalia majani ya tatu na ya nne, maana yale ya kwanza hudanganya. Kipimo hichohicho hulinda mbegu unazojiwekea: tabia ya jani la kiazi hujificha mmea ukichanganya damu na aina nyingine, kwa hiyo mche wowote wenye jani la meno kitaluni mwako umechavushwa na jirani. Ung'oe. Stupice si chotara, basi pakiti moja inaweza kukutosha maisha yako yote.

Udhaifu wake: haina kinga ya bakajani chelewa. Inachofanya ni kuutangulia ugonjwa.

2. Tornádo F1 na Start F1

Hizi ni chotara ndefu za mapema zenye matunda ya mviringo ya wastani, makubwa kuliko ya Stupice na yanayolingana. Tornádo imekaa bustani za Kicheki muda mrefu kwa sababu haichagui mahali: udongo wa wastani, jua la wastani, bado inazaa. Mwenye nafasi ya miche sita tungemwambia achukue Stupice mbili kwa tunda la Julai na Tornádo nne kwa mavuno ya Agosti. Start ni mbadala wake. Dukani ukikosa moja chukua nyingine, usizunguke mji.

Ubaya wao ni mfuko. Pakiti ya chotara huwa na mbegu chache, na kila mwaka unanunua upya.

3. Bejbino F1

Nyanya ndogo za kutafuna kama zabibu, nyekundu, kwa vichala virefu. Ni chotara ndefu, na inataka mti wa mita mbili au kamba kutoka kwenye paa. Mche mmoja unatosha familia. Miwili ni kugawia majirani. Matunda madogo hivi huendelea kuiva hata jua likipungua Septemba, na hapo ndipo inapowaacha wenzake nyuma. Mvua ikinyesha baada ya ukavu, maganda hupasuka, kwa hiyo chuma kabla ya mvua.

4. Vilma

Kwa mwenye roshani tu. Ni nyanya fupi ya kibeti, haikatwi, na chungu cha lita tano kinaitosha mradi usisahau kumwagilia. Julai chungu hicho hukauka kwa siku moja. Usiinunue kwa ajili ya bustani. Mavuno yake ni ya kutia kwenye sahani, hayajazi sufuria.

5. Denár na Czech's Bush

Tunaziweka mwisho kwa sababu tofauti. Denár ni nyanya fupi yenye matunda marefu magumu, nzuri kwa kupika rojo na kuhifadhi kwenye chupa, lakini si ya mapema kama zilizotangulia; mwaka wa mvua unaweza kuipoteza yote ikiwa bado kijani. Czech's Bush ni fupi, ina shina nene linalosimama wima, na matunda yake ni makubwa kwa nyanya ya namna hiyo. Ingawa jina ni la Kicheki, utaipata kwa urahisi zaidi kwa wauzaji wa mbegu za asili wa Marekani kuliko madukani katika mji wa Brno. Kwa msomaji aliyeko Minnesota au Kanada, ichague badala ya Denár.

Mbegu au miche?

Mwezi Mei kila soko la Chekia linauza miche (sadba). Kwa anayehitaji miche mitatu, nunua miche. Kupanda mbegu hakutakuokolea kitu. Chagua mche mfupi kuliko urefu wa kutoka kiganja hadi kiwiko, shina nene kama penseli, majani ya kijani kizito, bila ua. Mche wenye maua au kitunda tayari unapendeza macho lakini umebanwa mizizi, na ukiuhamisha utasimama wiki mbili bila kukua. Majani yenye rangi ya zambarau chini yake yanaonyesha ulikaa kwenye ubaridi na ukashindwa kunyonya fosforasi. Hupona, ila umechelewa. Uliza pia kama umezoeshwa nje. Mche uliotoka moja kwa moja kwenye banda huungua na jua siku ya kwanza.

Ukichagua mbegu, otesha kati ya tarehe 10 na 20 Machi. Februari ni mapema mno: mwanga wa dirishani hautoshi, na miche hurefuka kama uzi. Fukia nusu sentimita, weka penye nyuzi 22 hadi 25, zitachomoza kwa siku sita hadi kumi. Zikichomoza tu, zishushe penye nyuzi 18 na mwanga mwingi kadiri unavyoweza. Joto kubwa na mwanga mdogo ndivyo vinavyorefusha shina. Zikipata majani mawili ya kweli, hamishia kila mmoja kwenye kikopo cha sentimita tisa, uufukie hadi chini ya majani ya mbegu. Kuanzia Mei mosi zizoeshe nje, saa mbili kivulini siku ya kwanza, kisha ongeza kwa siku saba hadi kumi.

Bustanini

Nyanya ndefu ipe sentimita 50 kati ya mche na mche na 70 kati ya mistari. Mche uliorefuka ulaze kwenye mfereji, sehemu ya juu tu ichomoze. Shina lililofukiwa hutoa mizizi. Mti wa kuegemeza usimikwe kabla ya mche, vinginevyo utatoboa mizizi. Vinavyozuia ugonjwa zaidi ni mahali na maji: ukuta unaotazama kusini, chini ya ukingo wa paa usiopigwa na mvua, una thamani kuliko dawa yoyote, na maji yamwagwe shinani asubuhi, kamwe si juu ya majani. Majani yanayogusa ardhi yaondolewe, na weka matandazo ili matone ya mvua yasirushe udongo juu.

Usizidishe samadi mbichi. Nitrojeni ikizidi unapata majani mengi na vichala viwili. Tunda likioza kitako na kuwa jeusi, si ugonjwa wa kuambukiza: kalsiamu haikufika kwa sababu maji yalikuja kwa kurukaruka, mafuriko leo na ukavu wiki nzima. Mwagilia kwa ratiba. Kumwaga maziwa shinani hakusaidii.

Kutuma pakiti nyumbani

Wengi walioko Chekia hutamani kuituma Stupice kwa ndugu zao Afrika Mashariki. Kwa Limuru, Njombe au Makete, ambako usiku ni baridi na viazi vimezunguka kila upande, ina mantiki, maana tatizo ni lilelile. Kwa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, acha. Usiku wa joto hudhoofisha chavua vilevile kama baridi, na aina hizi hazikuzalishwa kupambana na mnyauko bakteria wa udongo wa joto. Mbegu kuingia nchini zinahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, Kenya kupitia KEPHIS na Tanzania kupitia TPHPA, ambazo ni mamlaka za afya ya mimea za nchi hizo. Pakiti iliyofichwa kwenye viatu inaweza kubeba virusi vinavyomaliza mashamba ya kijiji kizima.

Agosti na baadaye

Kati ya tarehe 1 na 10 Agosti kata kilele cha nyanya ndefu, ukiacha majani mawili juu ya kichala cha mwisho. Maua yanayotokea baada ya hapo hayataiva nje. Mara uonapo mabaka ya kahawia yenye unyevu kwenye majani, chuma kila tunda lililoanza kugeuka rangi siku hiyohiyo, usingoje Jumamosi. Matunda ya kijani yaliyofikia ukubwa wake yapange kwenye boksi, safu moja, pamoja na tofaa moja bivu, penye nyuzi 18 hadi 20. Yasikae kwenye friji, kwa sababu penye baridi chini ya nyuzi 10 hayageuki mekundu. Yakague kila baada ya siku mbili, kwa kuwa tunda lililoambukizwa kabla ya kuchumwa huonyesha baka baadaye na kuharibu yanayoligusa.