Lee-Enfield bandia: uzito upo, bolti ndo imeniangusha

Wakuu, nimekaa na hii kitu miezi minne ndo naandika, maana ningeandika wiki ya kwanza ningeisifia tu. Ni bunduki bandia, mfano wa Lee-Enfield SMLE Mark III, ile .303 ya Mwingereza ya 1907. Haipigi risasi, mtutu umezibwa na vyuma vyake ni zinki ya kumimina. Mi naishi Uingereza na sababu ya kuitaka hii na si nyingine ni babu mzaa baba, alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki, akapelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale walioshuka bonde la Kabaw kwenye mvua za 1944 mpaka Desemba wakawa wamefika Kalewa, mto Chindwin. Ukimuuliza kuhusu bunduki yake alikuwa na neno moja tu, nzito.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichopima ni uzito. Ya kweli ina karibu kilo 4 bila risasi, hii nimepanda nayo kwenye mizani nikashuka nikaiweka chini nikapanda tena, tofauti imekuja kilo tatu na nusu na ushee, si haba kabisa. Kijana wangu ana miaka 12, nikamwambia iweke begani zunguka nayo uwani usiitue, dakika kumi hazijafika kashahamisha bega mara tatu, na hapo hana tope, hana blanketi mgongoni wala risasi kiunoni. Kwa hilo peke yake pesa yangu imerudi.

Umbo nalo wamelipatia, ile pua butu na mbao inayofunika mtutu mpaka karibu na mdomo, ukiiona tu unajua ni SMLE. Ila singe haikai, pale pa kuchomekea pamechongwa kama pambo tu. Anayetaka kusimama kama yule Askari wa sanamu ya Posta pale Dar, singe imeelekea bandarini, atakosa.

Sasa bolti, kile chuma unachovuta nyuma na kusukuma mbele ili kuingiza risasi. Kwenye Lee-Enfield ya kweli ukivuta nyuma inakuja laini, ukisukuma mbele ndo unakutana na springi, mkono unahisi kabisa kuwa mtambo unajikoki, na mkono wenyewe wa bolti umeinamia karibu na triga ndo maana askari aliyezoea alikuwa anafyatua harakaharaka. Hii inateleza mbele na nyuma kama droo, hamna kitu kinachokupinga, nimesikitika jamani maana ndo roho ya hii bunduki. Magazini ya risasi 10 nayo ni ganda tu, huwezi kujifunza zile klipu mbili, vibanio vya risasi tano tano, zilivyokuwa zinashindiliwa kwa juu.

Mbao ilikuja na vanishi ya kung'aa kama meza ya sebuleni, nikapiga msasa wote nikapaka mafuta ya linsidi mara tatu, kila mara naacha siku mbili ikauke, sasa imekuwa na ile rangi ya kahawia iliyotulia, askari wenyewe walikuwa wanazipaka mafuta hayo hayo.

Duka silitaji ila wamenikera, walichukua hela kwanza ndo wakaniambia wanataka uthibitisho kuwa niko kwenye kikundi cha maigizo ya kihistoria chenye bima. Sheria ya 2006 ndo inataka hivyo, sina ugomvi nayo, lakini andikeni kabla mtu hajalipa bana, nimesubiri wiki tatu. Asiye na kikundi atauziwa iliyopakwa rangi kali kama chungwa au pinki. Na usitoke nayo barabarani, na usithubutu kuifunga kwenye begi la kwenda nayo nyumbani Afrika.

Kuna wanaosema bora ununue ya kweli iliyozimwa isiweze kupiga tena, ikapewa cheti. Bei yake iko juu sana, na zinazozimwa miaka hii bolti inachomelewa, haitembei. Mi nataka mtoto ashike, avute, aulize.

Naipa nyota 3 kati ya 5. Nimeitundika chini ya picha ya babu na Burma Star yake, nishani ya waliopigana Burma, ukuta usioonekana dirishani, jirani asije akaita polisi.