Kizuia matangazo: kipi uchukue bure, kipi ukilipie

Kabla ya kutoa hela, angalia matangazo yanakusumbua wapi. Yakiwa kwenye tovuti, dawa bora ni ya bure. Yakiwa ndani ya magemu na programu nyingine, kiendelezi cha kivinjari, yaani programu ndogo unayoiongeza ndani ya kivinjari, hakiyafikii.

Namba moja: Firefox pamoja na uBlock Origin. Kwenye Android, fungua Firefox, gusa nukta tatu, ingia kwenye viendelezi, ongeza uBlock Origin. Kisha ifanye Firefox kuwa kivinjari chaguomsingi, la sivyo viungo vya WhatsApp vitaendelea kufungukia Chrome na utadhani umeweka kitu kibovu. Kiendelezi hiki kinakata ombi kabla halijatoka kwenye simu, kwa hiyo tangazo halipakuliwi kabisa na bando linapona. Ukurasa ukigoma, hasa wa malipo, gusa kitufe kikubwa cha kuzima ndani ya uBlock, kisha upakie upya. Kitazimika kwa tovuti hiyo tu. Usiwashe orodha zote za vichujio, yaani orodha za vitu vya kuzuia. Simu ya RAM GB 2 itaelemewa, na tovuti ikiharibika hutajua orodha ipi ina kosa. Wala usiweke vizuizi viwili. Mtengenezaji wake, Raymond Hill, hapokei michango: ukiona tovuti inachangisha kwa jina hilo, ondoka.

Chrome ya Android haipokei viendelezi. Ya kompyuta imehamia Manifest V3, yaani kanuni mpya za viendelezi, na huko kimebaki uBlock Origin Lite, ambacho hukabidhi kivinjari kanuni zake na kukiachia kazi ya kuzuia. Kinasaidia, ila nguvu yake ni ndogo.

Namba mbili: Brave. Kizuizi kimo ndani tayari, hivyo kinamfaa mzazi asiyependa kuhangaika na mipangilio. Mambo yake ya sarafu za kidijitali yanachosha, lakini yanafichika. Kwenye iPhone ninaiweka mbele ya Firefox, maana huko Firefox haipokei viendelezi.

Namba tatu: DNS ya Faragha, Android 9 kwenda juu. DNS ni huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva yake. Mipangilio, Mtandao na intaneti, DNS ya Faragha, andika dns.adguard-dns.com. Bure, na inagusa hata programu. Lakini inaona jina la seva tu. Matangazo ya YouTube hutoka kwenye seva zilezile za video, kwa hiyo yatabaki. Wi-Fi ya hoteli ikikataa kuonyesha ukurasa wa kuingilia, rudisha kwenye hali ya kiotomatiki, ingia, kisha uirejeshe. Ukitaka kuchagua mwenyewe cha kuzuia, chukua huduma nyingine ya DNS, NextDNS: maombi 300,000 kwa mwezi bure, yakiisha inaendelea kujibu bila kuzuia.

Namba nne, na hapa ndipo pesa inapotoka: AdGuard ya Android. Toleo kamili halimo Play Store, linapakuliwa kwenye tovuti yao. Linatumia njia ya VPN ya simu, ile inayopitisha mtandao wote wa simu, na Android hairuhusu VPN mbili kwa pamoja. Ili lisome HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofichwa kati ya simu na tovuti, utasakinisha cheti chake, yaani unaliamini kwa kila unachofungua. Tovuti za benki ziondoe kwenye uchujaji huo.

Mkiani: Adblock Plus. Tangu 2011 inaruhusu baadhi ya matangazo yenye kiasi, na kampuni kubwa hulipia kuwemo. Ukiwa nayo tayari, ingia kwenye mipangilio yake uondoe tiki ya kuruhusu matangazo hayo.